Musa Aliomba Utukufu, Akaonyeshwa Wema

"Nakusihi unionyeshe utukufu wako." Maneno hayo yako Kutoka 33:18. Ukiyasoma peke yake unaweza kudhani Musa aliyatamka siku njema, ibada ikiwa imenoga na watu wamejaa shukrani. Haikuwa hivyo. Sura moja tu nyuma watu walikuwa wamevua pete za dhahabu masikioni, Haruni akawatengenezea ndama, na zile mbao mbili za mawe zikavunjwa chini ya mlima. Watu wapata elfu tatu walikufa siku ile. Mungu akasema atamtuma malaika awatangulie, ila Yeye mwenyewe hatapanda kati yao, asije akawaangamiza njiani. Musa akakataa katakata: "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa."

Anayeomba kuuona utukufu, basi, ni kiongozi wa watu walioharibu kila kitu kabla safari haijafika popote.

Jibu alilopewa ndilo linalonifanya niandike. "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako, nami nitalitangaza jina la BWANA mbele yako." Musa ameomba utukufu, Mungu anataja wema. Kisha anamwekea mpaka: uso hatauona, maana mwanadamu hawezi kuuona akaishi, atatiwa katika pango la mwamba na kufunikwa kwa mkono mpaka Mungu awe amekwisha kupita. Siku ilipofika, kumbukumbu ya sura ya 34 haitaji radi wala tetemeko. Inataja maneno: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli."

Tukumbuke Musa huyu hakuwa mgeni wa moto. Alikwisha kukiona kijiti kinachowaka bila kuteketea. Alikuwapo Sinai ilipofuka moshi mlima mzima. Alikaa ndani ya wingu siku 40 mchana na usiku, huku waliobaki chini wakiuona utukufu wa Bwana kileleni kama moto uteketezao. Kama utukufu ungekuwa mwanga na kishindo peke yake, Musa alikwisha kupata vya kumtosha maisha yake yote. Aliomba kitu cha zaidi, na cha zaidi alichopewa ni kuambiwa Mungu ni wa namna gani anaposhughulika na watu waliomkosea jana.

Wala tangazo lile haliishii kwenye huruma. Linaendelea kusema kwamba Mungu hamhesabii mwovu kuwa hana hatia. Sipendi mahubiri yanayokata sentensi hiyo katikati, kwa sababu aliyeonewa anaihitaji nusu ya pili kama vile aliyekosa anavyoihitaji ya kwanza. Lakini mpangilio una maana yake: huruma imetangulia, na imepewa nafasi kubwa zaidi.

Nimekulia katika kanisa la kijijini, mkoani Kilimanjaro, ambako neno utukufu lilisikika zaidi siku za mambo makubwa: paa jipya, sikukuu ya mavuno, kwaya ya ugenini, askofu kuja kubariki jengo. Sioni ubaya wowote katika shukrani hizo. Kinachonisumbua ni kinachohubiriwa siku hizi mijini, na kubandikwa kwenye mabango ya mikutano barabarani, kwamba utukufu wa Mungu juu ya mtu hujulikana kwa gari, kwa viza, kwa ndoa iliyochelewa kisha ikaja kwa kishindo. Namfahamu mwenzetu mmoja wa jumuiya aliyeacha kuja baada ya duka lake kufungwa. Hakuwa amekosana na mtu. Aliona aibu, kwa sababu kwa kipimo alichofundishwa, utukufu ulikuwa umemhama. Ni kwa ajili ya watu kama yeye nimeamua kuufuata uzi huu wote wa utukufu katika Biblia, tangu jangwani, nikiuliza swali moja: kila ulipoonekana utukufu wa Mungu, waliouona walikuwa katika hali gani?

Tuanze na Kutoka 16. Ni siku ya kumi na tano ya mwezi wa pili tangu watoke Misri, na njaa imewashika. Watu wananung'unika, wanazikumbuka sufuria za nyama za Misri kana kwamba hapakuwa na viboko kando yake. Haruni anaposema nao, wanageuka kuelekea jangwani, na hapo utukufu wa Bwana unaonekana katika wingu. Kinachofuata si adhabu. Jioni kware wanafunika kambi, na asubuhi umande ukiondoka kuna mana juu ya uso wa nchi. Walalamishi wenye njaa wameonyeshwa utukufu, na utukufu umekuja na chakula.

Sura za hema, ile maskani ya Mungu jangwani, kuanzia ya 25, wengi huzipita haraka, na nawaelewa: vipimo vya mbao, pete, vikuku, mapazia ya singa za mbuzi. Ila tazama zilivyopangwa. Maagizo ya hema yanaanza sura ya 25 mpaka ya 31. Ujenzi wenyewe uko sura ya 35 mpaka ya 40. Katikati, 32 hadi 34, ndipo palipowekwa ndama, mbao zilizovunjika, na lile tangazo la huruma. Bila msamaha wa sura ya 34, hema lingebaki kuwa maagizo tu. Walipolisimamisha siku ya kwanza ya mwaka wa pili, wingu likalifunika na utukufu ukaijaza maskani, hata Musa mwenyewe asiweze kuingia. Mikono iliyotoa dhahabu ya ndama ndiyo iliyotoa dhahabu ya maskani, na Mungu akakubali kukaa katikati ya watu hao.

Kutoka hapo kishawishi kikabadilika. Jangwani watu walikuwa wamejaribu kujitengenezea mungu mwingine. Baadaye walijaribu kumtumia Mungu wa kweli. Katika 1 Samweli 4 wanashindwa na Wafilisti, wakaamua kulichukua sanduku la agano waende nalo vitani, kana kwamba Mungu atalazimika kulilinda sanduku lake. Kambi ikapiga kelele hata nchi ikavuma, na bado wakapigwa vibaya kuliko mara ya kwanza: askari elfu thelathini walianguka, sanduku likatekwa, wana wawili wa kuhani Eli wakafa. Mzee Eli, mwenye miaka 98, aliposikia habari ya sanduku alianguka kutoka kitini akavunjika shingo. Mkwewe alijifungua kwa uchungu wa habari hizo, akamwita mtoto Ikabodi, akisema, "Utukufu umeondoka katika Israeli." Ni mojawapo ya majina ya huzuni kuliko yote katika Biblia, na kila ninaposikia watu wakishangilia kabla ya kutubu namkumbuka mama yule.

Sulemani alielewa jambo hili siku ya kuweka wakfu hekalu, angalau siku ile. Wingu liliijaza nyumba, makuhani wakashindwa kusimama kuhudumu, na yeye mwenyewe mjenzi akauliza mbele ya watu wote: "Lakini Mungu je! Atakaa kweli kweli juu ya nchi? Tazama, mbingu hazikutoshi, wala mbingu za mbingu. Sembuse nyumba hii niliyoijenga!" Vizazi vilivyomfuata walilisahau swali hilo wakabaki na jengo. Wakati wa nabii Yeremia walikuwa wakirudia maneno "hekalu la BWANA" mara tatu mfululizo, kama hirizi.

Hapo ndipo anapoingia Ezekieli, na hapa nitakaa.

Mwaka 597 KK Nebukadreza aliutwaa Yerusalemu, akamchukua mfalme kijana Yehoyakini pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli. Ezekieli, mwana wa kuhani, alikuwa kati ya waliohamishwa. Kitabu chake kinaanza katika mwaka wa tano wa uhamisho, yaani 593 KK, kando ya mto Kebari. Mto huo ulikuwa mfereji katika eneo la Nipuri, kusini mwa Iraki ya leo, na jina lake limeonekana pia katika mabamba ya udongo yaliyofukuliwa huko. Mfalme naye ameacha alama. Katika magofu ya Babeli wanaakiolojia walipata mabamba ya ghala yanayoorodhesha mafuta waliyopewa wafungwa wa kifalme, na Yehoyakini mfalme wa Yuda ametajwa humo pamoja na wanawe watano. Bamba moja lina tarehe ya mwaka 592 KK. Mrithi wa Daudi, mgawo wake wa mafuta unaandikwa na karani wa adui.

Ezekieli anasema ilikuwa "mwaka wa thelathini", na wafafanuzi wengi huuchukua kuwa umri wake. Kama ndivyo, huo ndio umri ambao mtu wa ukoo wake angeanza utumishi hekaluni. Tangu utoto amefundishwa kazi ya nyumba moja, na sasa yuko mbali nayo kiasi kwamba Ezra, alipoifunga safari hiyo baadaye kutoka Babeli, alitumia miezi minne njiani. Kwa mafundisho aliyokua nayo, utukufu uko kule nyuma ya pazia, naye yuko huku kwenye mfereji wa wapagani.

Halafu mbingu zikafunuka. Upepo wa dhoruba, wingu, viumbe hai wanne, na kiti cha enzi kilichoambatana na magurudumu. Watu wamechora sana magurudumu hayo, wengine wameyatungia hadithi za ajabu. Mimi naona habari yake ni wazi kabisa kwa mtu aliyehamishwa: kiti cha enzi cha Mungu kinakwenda. Kinakwenda pande zote nne bila kugeuka. Na juu ya kiti, katikati ya mng'ao, kuna mfano wa sura ya mwanadamu, na upinde wa mvua ukizunguka. Ezekieli anaanguka kifulifuli. Utukufu aliodhani ameuacha Yerusalemu umemkuta Babeli.

Mwaka uliofuata, wazee wa Yuda wakiwa wamekaa nyumbani mwake, alichukuliwa katika maono mpaka hekaluni. Alichoonyeshwa kinaumiza. Wazee sabini wanafukiza uvumba gizani mbele ya picha za wanyama zilizochorwa ukutani, huku wakisema, Bwana hatuoni, Bwana ameiacha nchi hii. Wanawake wanamlilia Tamuzi, mungu wa Babeli. Watu wapata 25 wameligeuzia hekalu mgongo wakiliabudu jua. Ndipo utukufu unaanza kuondoka, na namna unavyoondoka ndiyo inayonigusa. Hauchomoki ghafla. Unainuka juu ya makerubi, unasimama kizingitini. Unatoka kizingitini, unasimama penye lango la mashariki. Mwisho unapaa kutoka katikati ya mji, unasimama juu ya mlima ulio upande wa mashariki. Kila kituo ni nafasi ambayo mtu angeweza kutoka nje na kusema, "Usiende." Hakuna aliyetoka. Wale waliosema Mungu ameiacha nchi walisema alipokuwa bado yupo, na alipoondoka kweli hawakujua.

Katikati ya maono hayo kuna maneno ambayo ningependa yabandikwe mahali pa yale mabango. Waliobaki Yerusalemu walikuwa wakiwasema waliohamishwa kuwa wako mbali na Bwana, na kwamba nchi sasa ni mali yao wao waliobaki. Walikuwa na hekalu, kwa hiyo walijihesabu kuwa na Mungu. Mungu akajibu, Ezekieli 11:16, kwamba ingawa amewatawanya watu wale mbali, Yeye mwenyewe atakuwa patakatifu kwao kwa muda katika nchi walikokwenda. Waliopoteza kila kitu wamepewa Mungu awe hekalu lao, na wenye jengo wamebaki na jengo. Mwaka 586 KK jengo nalo likachomwa moto.

Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza taratibu, sura kwa sura, nilimfikiria yule mwenzetu wa duka. Nilimpelekea kifungu hicho. Tulikaa nacho jioni nzima.

Ezekieli hakuishia kwenye kuondoka. Miaka kumi na minne baada ya mji kupigwa, aliona utukufu ukirudi: "Utukufu wa Mungu wa Israeli ulikuja kwa njia ya mashariki, na sauti yake ilikuwa kama mlio wa maji mengi, nayo nchi iling'aa kwa utukufu wake." Unarudi kupitia lango lile lile ulilotokea. Mtu aliyeyasikia maono hayo akiwa Babeli angekuwa na haki ya kungoja siku hiyo kwa macho yake.

Walirudi kweli, wakajenga, na hekalu la pili likamalizika mwaka 515 KK. Ezra anasimulia kwamba msingi ulipowekwa wazee waliolijua hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, hata isiweze kutofautishwa sauti ya kilio na sauti ya shangwe. Nabii Hagai aliwatia moyo kuwa utukufu wa mwisho wa nyumba hii utapita ule wa kwanza. Lakini siku ya kuweka wakfu, Ezra anataja mafahali, kondoo, furaha, zamu za makuhani. Wingu halitaji. Hakuna anayeshindwa kusimama. Sanduku la agano halikuwamo tena, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi, aliandika kwamba ndani ya Patakatifu pa Patakatifu hapakuwa na kitu chochote. Karne tano watu walileta sadaka kwenye nyumba ambayo Maandiko hayasemi popote kwamba utukufu uliijaza. Naheshimu sana imani ya watu hao. Kuabudu wingu likiwapo ni rahisi.

Usiku mmoja utukufu ukatokea, na haukutokea hekaluni. Luka anasema utukufu wa Bwana uliwang'aria wachungaji pande zote, watu wa zamu ya usiku, kondeni, karibu na Bethlehemu. Baada ya siku kama arobaini mwanamke na mumewe wakaingia hekaluni na mtoto. Herode alikuwa amelianza kulijenga upya hekalu hilo miaka kadhaa nyuma, kwa mawe makubwa na dhahabu nyingi. Sadaka ya wale wazazi ilikuwa ndege wawili, na ukiisoma Walawi 12 utakuta hiyo ni sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwana-kondoo. Mzee Simeoni akamchukua mtoto mikononi akamwita "utukufu wa watu wako Israeli". Naamini hapo ndipo alipojibiwa Hagai, na Malaki naye, nabii aliyesema Bwana atalijia hekalu lake ghafla. Utukufu uliingia ukiwa umebebwa, kwa sadaka ya maskini, na hakuna kuhani aliyezuiwa kuendelea na kazi yake.

Ukiwa na kisa hicho, usilisahau lango la mashariki. Jumapili ya matawi Yesu anashuka kutoka Mlima wa Mizeituni, mlima ulio mashariki mwa mji, anauona mji, anaulilia, anaingia hekaluni. Siku chache baadaye, kwa maandishi ya Mathayo, anasema, "Angalieni, nyumba yenu mmeachiwa hali ya ukiwa," anatoka hekaluni, anakwenda kuketi juu ya Mlima wa Mizeituni. Aliyemsoma Ezekieli anajua njia hiyo imekwisha kupitwa. Safari hii, hata hivyo, kuna aliyelia. Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yaliichoma nyumba ile.

Yohana ndiye aliyelifikiria jambo hili kwa kina kuliko wote. Mathayo, Marko na Luka wanasimulia jinsi Yesu alivyogeuka sura mlimani, uso uking'aa, Petro, Yakobo na Yohana wakiwapo. Injili ya Yohana peke yake haina kisa hicho. Badala yake inasema mapema kabisa: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, nasi tukauona utukufu wake, utukufu kama wa Mwana pekee atokaye kwa Baba, amejaa neema na kweli." Msikilizaji aliyelishwa Kutoka 34 anasikia mara moja "mwingi wa rehema na kweli". Wema uliopita mbele ya pango sasa umekaa mtaani. Kisha Yohana anaanza kuonyesha: divai kwenye arusi ya Kana, wenyeji wakiwa ukingoni mwa aibu, na anaongeza kwamba huko Yesu aliudhihirisha utukufu wake. Waliojua divai ilikotoka ni watumishi waliochota maji.

Sura ya 11 niliichukia kwa muda, na nasema hivyo nikiipenda leo. Tulipomzika baba, mchungaji alisoma habari ya Lazaro aliyefufuliwa kaburini, kama inavyosomwa katika misiba mingi ya kwetu: "Mimi sikukuambia ya kwamba ukiamini utauona utukufu wa Mungu?" Nilisimama kando ya kaburi, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, nikijua kwamba hakuna jiwe litakaloondolewa mchana ule. Ahadi aliyopewa Martha, dada yake Lazaro, ilionekana kama ahadi ya jirani, si yetu.

Kilichonirudisha ni kuisoma sura mpaka mwisho, mbali kuliko ilivyosomwa msibani. Kabla ya kulifikia kaburi Yesu analia, ingawa anajua atakachofanya. Na baada ya Lazaro kutoka, mstari wa 47 unaitisha baraza. Wakuu wanasema mtu huyu akiachwa, Warumi watakuja kutuondolea mahali petu na taifa letu. Tangu siku ile, mstari wa 53, walifanya shauri la kumwua. Mazishi ya Lazaro yaliyotanguka yakawa hati ya kifo cha Yesu. Utukufu alioahidiwa Martha ulikuwa na gharama, na aliyeilipa hakuwa Martha. Basi Mungu hakuwa amesimama mbali na kaburi la baba akigawa miujiza kwa wengine. Alikwisha kuingia kaburini mwenyewe.

Yohana anauendeleza uzi huo hadi mwisho. Katika sura ya 12 anamnukuu Isaya mara mbili mfululizo: kwanza sura ya 53, mtumishi aliyedharauliwa, kisha sura ya 6, ile ya kiti cha enzi na maserafi wanaoimba kuwa dunia yote imejaa utukufu wake. Halafu anasema Isaya aliyanena hayo kwa kuwa aliuona utukufu wake. Mtu wa huzuni na Bwana wa kiti cha enzi amewaweka katika utukufu mmoja. Sura ya 13, Yuda anapokea tonge, anatoka. "Nako kulikuwa ni usiku." Mstari unaofuata, Yesu anasema: "Sasa ametukuzwa Mwana wa Adamu." Sasa, mlango ukiwa ndio kwanza umefungwa nyuma ya msaliti. Hakuna mhubiri wa mabango ambaye angelichagua saa hiyo.

Stefano akauona muda mfupi kabla ya kupondwa mawe. Paulo aliyekuwa akilinda nguo za wapiga mawe, baadaye, akaandika kwamba nuru ya elimu ya utukufu wa Mungu imo katika uso wa Yesu Kristo, na mara akaongeza kuwa hazina hiyo tunayo katika vyombo vya udongo. Ufunuo unafunga kwa mji usio na hekalu, usiohitaji jua, ambao malango yake hayafungwi. Hayo ni mapana na sina haraka nayo.

Ninalotaka kuligusa bado ni dogo zaidi. Mstari wa utukufu unaonukuliwa kuliko yote makanisani ni 1 Wakorintho 10:31: "Basi, mlapo, au mnywapo, au mtendapo neno lo lote, fanyeni yote kwa utukufu wa Mungu." Tunauandika kwenye kadi za harusi na kuta za shule. Paulo aliuandika akimalizia mjadala wa nyama ya sokoni Korintho, nyama ambayo huenda ilitolewa sadaka kwa sanamu. Anasema kula unachouziwa bila kuhojihoji. Lakini mwenzako akisumbuka dhamiri, acha, kwa ajili yake. Mstari unaofuata anakataza kumkosesha Myahudi, Myunani au kanisa la Mungu, na mwingine unasema asitafute faida yake mwenyewe ila ya walio wengi. Utukufu uliopita mbele ya Musa umeshuka hadi kwenye sahani, kwenye swali la nani ataweza kula mezani pako bila kuumia.

Sisi tunalijua swali hilo. Mwaka 2013 mzozo wa nani achinje nyama ya kuuzwa ulifika kumwaga damu mkoani Geita.

Siku ya msiba wa baba, asubuhi kabla ya mazishi, ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Vijana wa msikitini walikuwa wamechimba kaburi usiku kucha pamoja na vijana wa kanisani. Mama akasema asiguswe mpaka mzee wa Kiislamu wa nyumba ya jirani aje kuchinja, sufuria iwe moja. Ndugu yetu mmoja aliyetoka mjini akauliza kwa nini tusichinje wenyewe, wakati sisi ni Wakristo na msiba ni wetu. Mama hakumnukulia Paulo. Alimwambia achukue kamba akasaidie kumshika ng'ombe, mzee amekwisha fika.